Godoro Lililofika kwa Mwenyewe

Saa tatu na robo asubuhi mnunuzi wa godoro alipiga simu kwa mara ya nne, na kwa mara ya nne karani wa malalamiko akamjibu kwamba mzigo ulishafika. Madereva walimwita karani huyo Mama Ushahidi, maana hakubishana na mtu bila picha mkononi. Picha ya mzigo huu ilikuwa safi: mwanamke wa makamo kasimama mlangoni, gauni limempwaya, kakumbatia boksi refu lenye jina lake ubavuni. Karani alimtumia.

"Najiona," mnunuzi alisema. "Gauni hilo la binamu yangu. Lakini mikono mitupu, mama."

"Siku hiyo hukuhisi kitu?"

"Mikono ilikuwa mizito. Nikasema uchovu tu huu, nikaingia ndani."

Karani aliandika hivyo hivyo kwenye fomu. Mwaka uliopita alikuwa na mteja ambaye mizigo yake ilifika siku moja kabla hajaiagiza, na shauri lile lilikwisha salama, kwa hiyo hakuona sababu ya kupaza sauti. Aliuliza kama kuna haraka. Mnunuzi akasema haraka ipo, mgongo umeikataa sakafu. Daktari alikwishamwambia akiendelea kulala chini, iko siku ataamka asiweze kuinuka. Godoro lile alilidundulizia fedha mwaka mzima na miezi miwili.

Basi karani akaenda mwenyewe.

Ilikuwa nyumba ya ghorofa ya pili, ngazi zimepigwa deki mpaka zinateleza. Mlango ulifunguliwa na shangazi yake mnunuzi, mama mchangamfu, mwepesi wa kukaribisha. Alieleza kwamba mpwa wake aliletwa akiwa na miaka tisa, aje asaidie kidogo kulea wadogo, na hicho kidogo sasa kilikuwa kinaingia mwaka wa thelathini na moja.

"Usidhani mfanyakazi," shangazi alisema. "Huyu mtoto wetu kabisa."

Binamu mkubwa, aliyekuwa amejilaza kwenye kochi, alisema huyo akiondoka watakufa njaa wote, akacheka. Miguu yake alikuwa ameipumzisha juu ya boksi refu katikati ya sebule.

Mnunuzi alileta maji. Alipofika kwenye boksi alilizunguka bila kulitazama, mkono kiunoni. Karani alimuuliza mbona anazunguka. Akasema hapo huwa mguu unagonga hewa. Karani akamshika mkono, akauweka juu ya jina lake. Mnunuzi akasema ni baridi.

Shangazi alimwambia karani asijisumbue. Vitu vinavyoletwa kwa jina lake, huyu binti havioni, toka utotoni.

"Na sisi hatukuficha kitu. Vyote viko pale juu ya kabati, mchana kweupe."

Kabati lilikuwa linang'aa, maana mnunuzi alilifuta kila siku. Vumbi lilikaa juu ya vitu vyake tu. Karani alivishusha kimoja kimoja, akasoma jina, mhuri na tarehe, kama kazi inavyotaka. Viatu vya mtoto ndani ya karatasi. Barua ya shule ya sekondari, nafasi ipo na ada imeshalipwa, ya miaka ishirini na sita iliyopita. Barua kumi na tisa za mwandiko mmoja, wa mama yake mnunuzi. Ya ishirini ilikuwa ya jirani: mama yako hainuki tena, kila siku anakutaja, jitahidi ufike kabla mwezi haujaisha. Mwezi ule ulikwisha miaka ishirini na miwili iliyopita. Bahasha zote zilikuwa zimefunguliwa kwa kisu, vizuri, bila kuchanwa.

Karani alikaa chini, pale pale sakafuni.

"Mama yako yuko wapi?" alimuuliza mnunuzi.

"Alinisahau. Hakuniandikia hata mstari mmoja."

Karani alimgeukia shangazi, barua mkononi.

"Watoto walikuwa na mitihani," shangazi alisema.

Karani akaisoma ile barua ya jirani kwa sauti, neno baada ya neno, mpaka mwisho. Mnunuzi alimtazama midomo kwa adabu.

"Sauti imekukauka, mama," alisema. "Nikuongezee maji."

Fomu ilikuwa na visanduku viwili tu: haujafika, na umefika kwa mwenyewe. Karani alishika kalamu. Picha ilikuwepo. Akatia alama kwenye cha pili. Pakahitajika sahihi ya mnunuzi, lakini fomu ilikuwa na jina lake, kwa hiyo hakuiona. Shangazi akasaini kwa niaba yake.

Binamu aliuliza kama sasa shauri limefungwa. Karani akasema limefungwa. Binamu akaagiza kisu, na mnunuzi ndiye aliyekileta. Boksi lilipopasuliwa, godoro lilivuta pumzi, likavimba, likajaa sebule mpaka kwenye kabati. Binamu akalijaribu kwa ubavu, akasema hili ni zuri.

Mnunuzi alimsindikiza mgeni, akishuka ngazi moja moja, kila moja akipumzika. Chini kabisa alimshika karani mkono, akamshukuru kwa kufika, maana hajawahi kupata mgeni wake mwenyewe.

"Ukiupata mzigo, usiache kunipigia," alisema. "Mimi nipo tu."

Karani akasema atapiga.