Mkono wa Rispah

Kwa maneno ya Mama Lazare, yule Mkenya anayeitwa Rispah, anayefungasha mboga kiwandani kule Seven Hills, alichanjwa korona akiwa mzima wa afya, anacheka, na kabla jua halijazama mkono wake ulishageuka mweusi kama sufuria ya kuni. Kesho yake akaanguka kazini mbele za watu, pu! Akabebwa. Huko hospitali daktari akamtazama kwa huruma, akamwambia: mama, habari ya kuzaa sahau.

"Sahau kabisa!" Mama Lazare akarudia, akikung'uta shuka kwenye kamba za kuanikia nyuma ya ghorofa lao, mtaa wa Merrylands, Sydney. Barakoa ilikuwa kidevuni. "Na bado msichana yule. Mimi sisemi watu wasichanje, hapana. Nasema tu yaliyotokea."

"Nani alikuambia?" Nibigira, jirani yao wa juu, akauliza kwa sauti ndogo.

"Weye, uliza Seven Hills nzima! Na huyu hapa si anafanya kazi hukohuko? Armelle, nadanganya?"

Armelle alikuwa na kibanio cha nguo mdomoni. Angeweza kukitoa. Alikiacha palepale, akapandisha mabega kama mtu asiyejua, akainama kwenye beseni kutafuta soksi ambayo haikuwemo.

Alijua. Rispah aliteleza kwenye maji ya kuoshea spinachi, na aliyemwinua ni Armelle mwenyewe. Kuhusu chanjo, walikwenda kuchanjwa pamoja, siku moja, famasi moja, na kilichowapata ni mkono kuuma kidogo na usingizi mwingi. Uvumi ulipomfikia Rispah kiwandani alicheka mpaka akashika ukuta.

"Ati mkono umekuwa black? Si nilizaliwa nao hivi! Walitaka ukuwe wa rangi gani?" Kisha akaacha kucheka. "Lakini wewe waambie watu wenu, Armelle. Wataogopa bure."

"Nitawaambia," Armelle akajibu.

Hakumwambia mtu. Hata kwamba yeye mwenyewe amechanja hakusema, maana kanisani kwao jambo hilo lilikuwa na maneno mengi, na mwanzoni alinyamaza kwa sababu hiyo tu. Sababu ya pili ilikuja baadaye, na hiyo ndiyo iliyomfanya asiweze kujitazama kwenye kioo akipiga mswaki.

Yeye na Nibigira walikulia kambi moja ya wakimbizi kule Kigoma, na wote wawili masomo yao yaliishia shule ya msingi. Hapa Sydney walijifunza Kiingereza dawati moja, kisha wakaomba pamoja nafasi ya kusomea uuguzi chuoni. Waombaji walikuwa wengi kuliko viti. Tangu gonjwa hili liingie, utadhani kila mtu mji huu anataka kuvaa sare ya nesi. Kulikuwa na mtihani wa kusoma na hesabu, halafu usaili wa kwenye kompyuta. Hesabu za sehemu zilimtoa Armelle machozi. Nibigira ndiye aliyemkalisha jikoni na chupa ya dawa ya kikohozi na vijiko vyake, akamimina, akarudisha, akamimina tena. "Ona nusu hii. Sasa nipe nusu ya hiyo nusu. Usilie, mimina." Jikoni kote kulinukia dawa ya kikohozi, na Armelle akafaulu.

Majibu yalipotoka, Nibigira alikuwa amechaguliwa. Armelle aliwekwa akiba. Alipopiga simu kuuliza, mama wa chuoni alimjibu kwa upole kwamba yeye ndiye wa kwanza katika walio akiba: mtu akiachia kiti, ni chake. Na waliochaguliwa walikuwa na sharti moja. Kwa kuwa wangepelekwa hospitali kwa mazoezi, kila mmoja alete uthibitisho kwamba ameanza chanjo, mwisho Ijumaa. Asiyeleta, kiti kinakwenda kwa anayefuata. Na Nibigira alikuwa bado hajachanja.

Hakupanga ubaya wowote. Alisubiri tu, na kusubiri ndiyo kazi aliyokuwa hodari kuliko zote. Utotoni alisubiri maji, alisubiri mgawo wa unga, alisubiri jina lake lisomwe kwenye safari ya kuja huku. Mtu akikaa kimya akisubiri, nani atasema ametenda neno?

Lakini Nibigira alimkuta kwenye ngazi Jumanne, kila mmoja na barakoa yake, mmoja juu, mwingine chini.

"Dada, niambie mimi. Ya Rispah ni kweli?"

"Siku ile sikuwa zamu naye."

Uongo ulitoka mwepesi, laini, kama uliwekwa mafuta. Armelle mwenyewe ulimshtua.

"Unajua mimi na Libère tunavyotafuta mtoto," Nibigira akasema. "Mimba zile zilizotoka bado zinaniuma. Ingekuwa wewe, ungechanja?"

"Kila mtu na mwili wake," Armelle akasema, na mkono wake wa kulia ukaenda wenyewe kuvuta chini mkono wa sweta wa kushoto, ingawa plasta ilikwisha banduka zamani.

Nibigira akatikisa kichwa polepole, akapanda kwake.

Kesho yake jioni kulikuwa na maombi ya kwenye simu, kama kila wiki tangu makanisa yafungwe. Mchungaji akampa Nibigira nafasi ya kuomba. Hakujiombea. "Bwana," akasema, "mimi umenipa, na sijui kama nitaweza kupokea. Lakini dada yangu Armelle usimwache nyuma. Mpe kiti chake. Ametoka mbali pamoja nami." Watu wakaitikia amina, kila mmoja na mwangwi wake. Armelle alizima kipaza sauti. Akabaki anatazama jina lake mwenyewe kwenye kioo cha simu, limeandikwa vizuri, kama la mtu mwema.

Alijiambia atapanda ngazi kesho. Kesho ikawa zamu ndefu, akarudi amechoka, akajiambia Nibigira ameshalala.

Ijumaa asubuhi alikuwa amekaa mezani, chai imepoa, simu mbele yake na mlio umeongezwa mpaka mwisho, asije akaikosa ya chuo, ndipo alipozisikia ndala zikishuka. Zikasimama mlangoni kwake.

"Armelle? Uko?"

Hakusogea.

"Najua uko, nimesikia birika." Nibigira akacheka kidogo, kicheko cha mtu ambaye hakulala. "Usifungue, majirani watasema tunatembeleana, na imekatazwa. Nisikilize tu. Libère amesema niamue mwenyewe, na nimeamua. Nitachanja. Naogopa, dada, lakini nitachanja. Ila peke yangu siwezi. Nilifika mpaka pale famasi jana, nikarudi."

Armelle akaichukua simu, akaifunika na kitambaa cha meza, akaikandamiza kwa viganja viwili isije ikalia.

"Nakuomba kitu kimoja. Twende wote. Ukae pembeni unishike mkono, basi. Wewe ukinishika sitakimbia. Tena wewe hujawahi kunidanganya. Ukiniambia kaa, nitakaa."

Juu Mama Lazare alikuwa akiburuta kiti.

"Armelle? Utakwenda na mimi?"

Alisimama, akaenda mpaka mlangoni, miguu mitupu. Akaweka mkono kwenye kitasa. Kilikuwa baridi. Kwenye mwanya wa chini aliona ncha za ndala za buluu, zimeelekea kwake.

"Haya," Nibigira akasema, "labda unavaa. Nakusubiri hapa." Ndala zikageuka, na Armelle akamsikia akikaa kwenye ngazi, akisafisha koo, akisubiri.