Sahani Zilizorudi Zimejaa

Sahani ya kwanza ilirudi imejaa, mpishi akadhani kuna mtu anaumwa. Ya pili nayo imejaa, ya kumi nayo. Zilipofika arobaini alishika ukingo wa meza, akakaa juu ya gunia la mchele na kulia kwa furaha. Wamefunga kula. Kiwanda kizima kimefunga pamoja naye!

Ilikuwa siku yake ya kumi na moja ya kunywa maji matupu. Chanzo ni mdogo wake, mshonaji, aliyekatwa vidole viwili na mashine ya kukatia vitambaa, kisha akafukuzwa wiki ileile kwa kuuliza vyuma vya kukinga mikono viko wapi. Wenzake walishika nondo waende kumpasua meneja kichwa. Mpishi akasimama mlangoni na mwiko wake, mwanamke mfupi hivi, akawaambia hapigwi mtu hapa. Yeye hatatia kitu kinywani mpaka mdogo wake arudi kazini na mashine zifungwe vyuma. Nondo zikawekwa chini. Siku tatu za mwanzo walipita dirishani kumpa pole. Kisha pole zikapungua, na meneja, jamani, yule bwana alisema tumbo ni lake, mwacheni.

Kupika hakuacha. Angewashindishaje watu njaa kwa nadhiri yake? Wao walimwita Kipimo, kwa sababu chumvi yake haikuwahi kukosea: hudondosha mchuzi mgongoni mwa mkono, hulamba mara moja, basi. Tangu afunge hakulamba. Alikadiria tu, na kichwa kilikuwa chepesi, mambo yanampotea.

Mdogo wake aliingia kwa mlango wa nyuma, mkono bado una bandeji. Kila siku alikuja kumbembeleza ale. Leo mpishi hakumpa nafasi; alimwonyesha zile sahani, machozi yakimtiririka.

"Umeona? Wote, mdogo wangu. Wote."

Mdogo mtu alizitazama sahani, akamtazama dada yake. Akachukua harage moja kwa mkono ule mzima, akatafuna, akameza kwa shida.

"Dada, umetia chumvi mara mbili."

Mpishi alicheka kidogo, akidhani anataniwa. Kisha akajikokota mpaka dirishani. Nje ya geti, kwa muuza mikate, foleni ilikuwa ndefu. Wale wa nondo walikuwa mbele kabisa, midomo imejaa, mmoja akiigiza uso wa mtu aliyebugia chumvi na wenzake hawana mbavu. Hakuna hata mmoja aliyemchukia. Hilo ndilo lililomuuma. Walikuwa na njaa tu.

"Kesho uje unionjee wewe," alisema bila kugeuka.

"Kesho ule, dada. Mimi vidole havitaota."

Mpishi alimwaga sufuria, akaisugua, akabandika mchuzi mwingine, maana zamu ya pili ilikuwa inakaribia kuingia. Ulipochemka alichovya mwiko, akadondosha tone mgongoni mwa mkono kama alivyofanya miaka yote. Akalitazama. Lilikuwa la moto, likateremka polepole kuelekea kwenye kifundo cha mkono, na huko nje kengele ya zamu ikalia.