Mkono wa Fundi Mwingine

Watu wa mtaa wetu wa Kataki watakuambia kwamba Papa Joël ana wivu. Waongo. Mimi nina macho tu, na macho ya fundi wa pikipiki hayapumziki hata siku ya Mungu. Ndiyo maana Jumapili ile tulipotoka misa, kabla hata sijavua shati, niliiona pikipiki ya mke wangu: cheni mpya, imepakwa mafuta sawasawa, na magurudumu ya meno, la mbele na la nyuma, yote yamebadilishwa pamoja nayo. Kazi safi. Kazi ambayo sikuifanya mimi.

Gracieuse ni muuguzi. Anapeleka chanjo vijijini, barabara ya Nyunzu, kwa pikipiki ndefu ya matairi ya vijino, inayopita kwenye matope na mawe. Cheni yake ya zamani ilikuwa imechakaa na kulegea. Kwa miezi miwili alinikumbusha, na kwa miezi miwili niliikaza kidogo nikasema bado inafika. Majirani walinitania kwamba mganga hajigangi, nami nikacheka nao. Mteja hupiga kelele, mke huvumilia, nani hajui?

Nilichuchumaa nitazame vizuri. Kila fundi ana mkono wake. Kwenye kile kibanio kidogo kinachounganisha ncha mbili za cheni palikuwa na uzi wa shaba, umezungushwa mara mbili. Katika mji huu wote namjua mtu mmoja tu anayezungusha shaba pale: Christophe, niliyejifunza naye kazi karibu na stesheni ya reli. Christophe mrefu, mwenye maneno matamu, aliyemtaka Gracieuse kabla yangu.

Sikumwuliza mke wangu kitu. Nilimtazama tu akila ugali na ndagala, nikaanza kukumbuka. Jumatano alichelewa kurudi. Alhamisi alinawa mikono mara tatu. Ijumaa alikuwa akiimba, na mwanamke haimbi bure.

Sisi mafundi tuna desturi yetu: kazi ya mwenzako haifunguliwi kabla ya kumwambia. Nilijua hilo. Jumatatu asubuhi, Gracieuse akiwa anaoga, nilikata ule uzi wa shaba, nikachomoa kibanio, nikakifunga upya. Cheni haikuwa na kosa lolote. Sikutaka tu mke wangu aende barabarani akiwa amekalia kazi ya Christophe. Gracieuse akatoka na kisanduku chake cha chanjo, amechelewa, hakuinama kutazama chochote. Akaniaga akaenda, nami nikajiona mwanamume kweli.

Saa nane mchana alirudi ndani ya lori la mihogo, pikipiki imelazwa nyuma. Goti moja limechubuka, kiganja kimefungwa kitambaa. Alisema cheni ilichomoka kwenye mteremko, ikajisokota kwenye gurudumu la nyuma, akaanguka. Chanjo zilipata joto, zikaharibika. Akina mama waliokuwa wakimsubiri kijijini walirudi makwao na watoto wao.

Niliinama. Kibanio hakikuwepo. Hapo nikakumbuka haraka yangu asubuhi ile, na hasira. Upande wa kibanio uliozibwa ndio unaotangulia mbele. Hata mwanafunzi wa wiki moja anajua. Mimi nilikiweka kinyume. Kikigongwa na jiwe, kinaruka.

Gracieuse aliketi kwenye kiti cha plastiki, akaanza kulia.

"Unisamehe, Papa Joël," alisema. "Ile cheni niliitia mimi mwenyewe. Christophe alitufundisha ku santre ya afya, sisi wauguzi watatu. Nilitaka nikushangaze. Nilizani nimejua, kumbe kazi hii haiko yangu. Kuanzia leo utanitengenezea wewe tu."

Wewe tu. Neno nililolitafuta tangu jana yake, ananipa mwenyewe bila kuombwa. Kunyamaza kungetosha. Hakuna aliyeniona. Christophe angeonekana mwalimu mbovu, mke wangu asingeshika spana tena, na mimi ningekuwa fundi wake wa pekee hadi kufa. Nilikaa na utamu huo kifuani kwa muda, siwezi kudanganya. Lakini yeye alikuwa akiitazama mikono yake, anaigeuza huku na huku, kama mtu anayetazama watoto waliomwaibisha. Hata wivu wangu haukuweza kulivumilia hilo.

"Kazi yako ilikuwa nzuri, Mama Joël," nikamwambia. "Ni mimi niliifungua asubuhi. Nilizani ni mukono ya Christophe."

Machozi yakakatika.

"Tulikaa siku muzima ndani ya nyumba moja," akasema, "na wewe ukaenda kuuliza pikipiki, haukuniuliza mimi."

Hakupiga kelele. Ningependa apige. Jioni nilitafuta kibanio kingine, nikakifunga inavyotakiwa, yeye akinitazama kutoka mlangoni.

Jumanne asubuhi wateja walikuwa wamekwisha kufika uani kwetu, ninapofanyia kazi. Gracieuse aliweka kisanduku chini, akapiga lile goti lisilouma kando ya gurudumu, akakagua kila kitu nilichogusa, kimoja kimoja, polepole, mbele ya watu wote. Alipomaliza akafuta vidole, akapanda, akaondoka. Mteja mmoja akachukua pikipiki yake, akasema atarudi siku nyingine.