Mlio wa Nyuma ya Tangi

Wahenga walisema macho hayana pazia, lakini hawakuyaona macho ya Mama Sindano. Pazia lake lilikuwa likishuka polepole, kutoka pembeni kuja katikati, na daktari hakumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa: litafunga kabisa. Fundi cherehani yule alirudi nyumbani, akalia hadi akamaliza, kisha akatoka uani na simu yake. Kama hatawaona tena wakazi wa ua wake, basi atawajua kwa sauti, mmoja mmoja, kabla giza halijamuwahi.

Akaanza kuwarekodi. Alinasa mlio, akamtafuta mwenyewe kwa yale macho yaliyobaki, na akishamwona alitaja jina lake humohumo simuni. Mjusi wa ukutani, mgonga ulimi. Njiwa wa juu ya bati, mnung'unikaji tangu alfajiri. Nyigu, aliyesikika akikwangua ubao wa mlango apate cha kujengea. Ndege wawili wa kwenye majani hakuwajua jina, akawaita Wifi na Shangazi, maana waligombana kutwa nzima. Alistaajabu kweli. Miaka yote ile alidhani anaishi na mume tu.

Mume mwenyewe alikuwa fundi bomba, mtu mwema, na tangu siku ya daktari alikuwa na neno moja: "Nipe mkono." Kwenda jikoni, nipe mkono. Kushuka kizingiti cha uani, nipe mkono. Alifanya kwa mapenzi, na mapenzi hayo yalimkaba mkewe koo.

Ukabaki mlio mmoja usio na mwenyewe. Kila magharibi, nyuma ya tangi la maji, kitu kilisema kro! kro! kwa sauti nene, ungedhani jogoo kamezwa mzima.

"Baba we, huyo ni nani?"

"Huyo si mnyama, mke wangu. Hewa imenaswa bombani."

Kwa fundi bomba kila kitu ni bomba. Hata mkewe akikoroma, husema kuna mahali pamelegea. Kesho yake alifungua maungio yote, akakaza, akalowanisha ua mzima, na ile koki ya nje iliyovuja tangu wahamie hapo akaiacha ivuje, mganga hajigangi. Magharibi ikafika: kro! Akaenda na tochi, kimya. Akageuka kurudi: kro!

"Hewa hii ina dharau," akasema.

"Hewa haiogopi tochi, bwana."

Jioni iliyofuata, mumewe alipokuwa bado anapanga spana zake ndani, Mama Sindano alivua ndala, akafumba macho yote mawili kwa hiari yake, akaufuata mlio. Aliogopa. Moyo ulimdunda hata akachelea kwamba utamnyamazisha mgeni wake. Saruji ya baridi, kisha udongo wenye unyevu, kisha harufu ya kutu: tangi. Mlio ukakatika. Akasimama, akatulia, nao ukarudi, karibu na kifua chake. Haukutoka nyuma ya tangi hata kidogo, ulitoka ndani ya kile kibomba cha kumwagia maji tangi linapojaa. Akaingiza kidole taratibu. Kitu kidogo, cha baridi, chenye utelezi, kilimgusa ncha ya kidole kikarudi ndani.

Chura! Hazidi kidole gumba, bomba ndilo lililomkopesha sauti. Kumbe mumewe alikuwa amepatia nusu. Mama Sindano akacheka peke yake gizani, na hofu aliyokuja nayo hakuiona ilikokwenda.

Mumewe akatoka mbio na tochi. "Unafanya nini huko peke yako? Utaanguka!"

"Nimempata. Zima tochi, utamfukuza."

Akazima. Halafu akaganda palepale, mguu mmoja mbele.

"Sioni ninapokanyaga," akasema kwa sauti ndogo.

Mama Sindano alimfuata kwa kusikiliza pumzi zake, hakukwaa popote.

"Nipe mkono," akamwambia.