Tarishi wa Pili

Mzee Gwakisa wa Masoko hakuwa na mke, kwa kuwa Tulinagwe alikuwa amezikwa mwaka uliotangulia, nyuma ya migomba. Hakuwa na mtoto, kwa kuwa Yohane, mwanawe wa pekee, alimtangulia mama yake kaburini. Hakuwa na meno ya mbele, wala ng'ombe, wala cheti cha sekondari. Elimu yake yote aliipata jioni, baada ya kuchuma kahawa, katika madarasa ya watu wazima yaliyofanyika kanisani kwa taa ya chemli. Simu alikuwa nayo, ila hakuwa na mtu wa kumpigia.

Na zaidi ya yote, hakuwa na mtu wa kusimama kati yake na mkwewe.

Mkwe huyo, Mwalimu Felista, mjane wa Yohane, alifundisha baiolojia katika sekondari moja ya Isongole. Kwao ni Kasulu, Kigoma, lakini alipoolewa kwa Wanyakyusa aliikubali mila ya nyumba ya mumewe: mke wa mwana hamtazami baba mkwe, hasemi naye, wala haingii alimo. Siku hizi wengi wameiacha. Gwakisa hakuiacha, naye Felista hakumwaibisha hata siku moja. Kwa miaka kumi na moja walijuana kwa kikohozi na kwa ncha ya kanga iliyopotea nyuma ya mgomba. Mengine yote aliyabeba Tulinagwe.

"Mwanao anasema baridi ya kule Isongole imemtesa," Tulinagwe alimwambia mumewe.

"Mwambie avae sweta la Yohane."

Hivyo tu, na nyumba ilijaa maneno.

Tangu Tulinagwe afe, kila Jumamosi Felista alishuka kwa bodaboda, akaweka kikapu cha chakula kizingitini, akagonga ubao wa mlango mara mbili, akaondoka. Chini ya sahani palikuwa na daftari, kila wiki jingine. Gwakisa alikula mbalaga ingali na moto, zile ndizi alizozoeshwa na marehemu, akanawa mikono, akavaa miwani, akasoma. Alijua mwalimu anamwazima masomo ya wanafunzi wake, maana Tulinagwe alikwisha kumwambia kwamba mzee anatamani kujua kinachofundishwa huko. Alisoma kwa bidii, na Jumamosi iliyofuata akalirudisha daftari ndani ya kikapu kitupu. Hakuongeza neno. Mtu mzima haandiki katika daftari la watu.

Daftari la wiki ile lilieleza jinsi seli za mwili zinavyopashana habari.

"Homoni husafiri katika damu hadi kwenye seli ya ini," Felista alikuwa ameandika. "Nyingine haziwezi kuingia, kwa sababu utando wa seli hauzipitishi. Hugusa kipokezi kilichopo mlangoni na kuishia hapo. Lakini kwa mguso huo, ndani huamka kimeng'enya kinachounda matarishi wadogo wengi. Huitwa AMP ya mzunguko, kwa kuwa molekuli yake imejikunja na kufanya pete. Huyu ndiye tarishi wa pili. Ndiye anayeamsha wengine, mpaka ini linatoa sukari. Kazi ikiisha, kimeng'enya kingine huikata ile pete, na habari hunyamaza."

Gwakisa alivua miwani. Mvua ilikuwa inapiga bati, nyumba ikanuka majivu ya jana. Alitazama kigoda cha Tulinagwe kando ya jiko. Habari hunyamaza. Naam.

Pembeni palikuwa na wino mwekundu: "Kafeini huweza kumzuia mkataji huyo, ikiwa nyingi sana. Kahawa ya Masoko nayo inayo." Hapo alitabasamu. Watoto wa Isongole wanafundishwa habari za kahawa yake!

"Tata, upo?" Esnath, jirani aliyezoea kumwita baba kwa Kinyakyusa, alikuwa anakung'uta mwavuli mlangoni.

"Nipo. Kufa bado."

"Ukifa, migomba hii ataipalilia nani? Sikiliza. Nimekutana na mwalimu wako barabarani. Amepata uhamisho wa kwenda kwao Kasulu. Aliuomba mama alipofariki, sasa umekuja. Jumatatu anatakiwa kujibu wilayani."

Gwakisa alikohoa. "Anasemaje?"

"Anasema, 'Tangu mama afe, baba hajaniletea neno. Labda anangoja niondoke.'"

"Ningemletea kwa mdomo wa nani? Au nimwite mkwe wangu sebuleni kama karani?"

"Basi kaa na heshima yako. Itakupikia."

Mzee aliona uchungu, na ili kubadili mazungumzo akamsogezea lile daftari. "Soma hapo. Wanafunzi wake wanaijua kahawa yetu."

Esnath alifungua ukurasa mmoja, wa pili, wa tatu. Kisha akacheka hadi akashika kiuno.

"Wewe msomi gani, tata? Sekondari wanafundishwa kwa Kiingereza! Mjukuu wangu yuko kidato cha tatu, daftari lake la baiolojia halina hata sentensi moja ya Kiswahili. Haya yote kayaandika kwa ajili ya nani?"

Gwakisa alilivuta daftari, akalifungua tena. Esnath alipokwenda zake, bado alikuwa ameketi vilevile. Kila Jumamosi, mwaka mzima, kurasa zilizogeuzwa Kiswahili neno kwa neno, kwa mkono wa mwalimu aliyechoka. Kila Jumamosi aligongewa mlango, naye alikula na kurudisha vyombo.

Alitoa karatasi. Aliandika "Mwalimu," akafuta. Akaanza tena.

"Mwanangu Felista, ndaga, nakushukuru. Madaftari yote nimeyasoma. Nilidhani ni ya wanafunzi wako. Kumbe mwanafunzi ni mimi. Sina haki ya kukuzuia kwenda kwenu, na ukienda, nenda na baraka zangu. Lakini singoji uondoke. Natamani ubaki. Mila hii ilikuwa ya kuniheshimu mimi, nami nimeheshimiwa vya kutosha. Jumamosi usiache kikapu mlangoni. Gonga, usubiri, nitakuitikia. Nina swali pia la ukurasa wa nne: pete ikishakatwa, tarishi mwingine anaweza kuundwa? Baba yako, Gwakisa."

Gundi ya bahasha ilikuwa imekufa kwa unyevu. Alichota kidogo mbalaga iliyoganda sahanini, akapaka, akaikandamiza kwa kitako cha kikombe cha kahawa mpaka ikashika. Kisha akatoka kwenye mvua hadi barabarani, akamsimamisha Wilson wa bodaboda.

"Isongole, kwa Mwalimu Felista. Mkononi mwake, leo hii."

"Mzee, si umpigie simu tu?"

"Wewe endesha pikipiki."

Wilson aliichomeka barua ndani ya koti, akafunga zipu hadi kidevuni, akapanda mlima.