Mikono Mirefu ya Plamedie

Kikundi chetu cha wasichana watatu kina sheria moja: kitenge kimoja, mtindo mmoja. Asiyetaka ahamie kwingine, mlango uko wazi. Kwa hiyo Plamedie alipomwambia tonton Feruzi, fundi wetu wa nguo wa mtaa wa Mangobo, "Yangu ufanye mikono ya murefu," nilipandwa na hasira papo hapo.

"Mikono ya murefu na hii joto? Weye iko mugonjwa?"

 Lydie, wa tatu wetu, anayelala na Plamedie chumba kimoja bwenini, akadakia: "Bon, tushone yote ya murefu." Sheria ni sheria. Tulishonewa, tukavaa, tukaloa jasho hadi visigino.

Ajabu, chuo kizima kilitupenda! Kabla ya juma kuisha, kila nikigeuka naona mikono mirefu. Nilitembea kwa maringo hadi wahadhiri wakanipisha.

"Unaona? Banakufata, mama!" nilimwambia Plamedie huku nikicheka.

Akaangua kilio. Nikamvuta nyuma ya maktaba.

"Hadidja, basinifate. Miye pia nilifata."

Akapandisha mkono wa nguo kidogo tu. Alikuwa anajikata. Niliumia moyoni, nisiseme uongo. Akaeleza kwamba alipofeli mitihani alimkuta Lydie akijikata, naye akaanza, ili wawe pamoja hata katika hilo. Haikumsaidia kitu. Sasa alitaka kuacha.

"Lakini nikiacha, Lydie atabakia yeye peke. Atasema nimemutupa."

Hasira ilinipanda tena, ila sikujua nimkasirikie nani. Nikamkumbatia kwa nguvu.

"Donc muzame bote juu ya urafiki? Twende kwa mama Asha."

Mama Asha ni muuguzi wa chuo, mcheshi, anayejua kusikiliza.

"Na Lydie?"

"Umwandikie kwa telefone. Sema unaenda wapi, basi."

Aliandika, akafuta, akaandika tena, akatuma huku amefumba macho.

Mama Asha alimkaribisha kwa chai, akamtania kuhusu nywele zake, hata Plamedie akacheka. Ndipo akaanza kusema, polepole, yote. Chai ilikuwa bado ya moto mlango uliposukumwa. Lydie! Anahema, kandambili moja mguuni, nyingine imedondoka njiani kutoka kwenye pikipiki iliyomleta.

"Weye Plamedie," alifoka, machozi yakimtiririka, "tangu lini unaendaka fasi yoyote bila miye?"

Mama Asha akavuta kiti cha pili.