Kutafuna Hewa

Tumbo la yule kinyozi lilikuwa halina adabu hata kidogo. Mteja amekaa zake kwenye kiti, kitambaa shingoni, mashine inapita taratibu nyuma ya sikio, saluni kimya, halafu ghafla: nguruuuu! Mteja anaruka, nusura akatwe sikio.

"Wee! Unafuga simba humo?"

"Tulia bwana, utatoka na kovu bure."

Ndiyo maana wakambandika jina la Ngurumo, na jina likaganda mpaka kwenye kioo cha mlangoni, maana shemeji yake alilichora kwa rangi nyekundu siku mwenyewe hayupo. Huyo shemeji, kaka wa mke wake, ndiye aliyeshika kiti cha pili pale saluni, na mdomo wake ulikuwa hauna breki.

Kucheka walicheka, ila Ngurumo alikuwa anateseka jamani. Anaamka tumbo limejaa upepo, kiungulia kinapanda hadi kooni, mkanda anaulegeza tundu baada ya tundu. Hospitali walimpima kila kitu, wakasema hakuna kidonda wala mdudu. Wakampa vidonge. Vidonge vikiisha, tumbo linarudi na hasira zake zote. Lilianza lini? Alijua lilianza lini, ila hakupenda kusema. Lilianza Bibie alipoondoka.

Bibie ndiye mke wake. Alikwenda nchi ya mbali huko kufanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Mkataba ukaisha akaongeza mwingine, huo nao ukaisha, akaongeza tena. Kilichobaki kwenye ndoa yao ni chakula cha usiku. Usicheke! Huku giza limeshaingia, kule Bibie ndiyo kwanza yuko mapumziko ya mchana. Ngurumo anaegemeza simu kwenye kopo la sukari, anapakua, na Bibie anatokea na bakuli lake mkononi.

"Karibu mume wangu."

"Asante, karibu na wewe."

Ukiwasikia ungeapa wamekaa meza moja. Kwa ajili ya hiyo saa Ngurumo alikuwa radhi kushinda na biskuti na soda baridi, njaa yote anaitunza. Ikifika, anabugia sahani nzima macho kwenye simu. Ukimuuliza kama chakula kilikuwa na chumvi, hana habari.

Siku moja kiungulia kilimkunja mbele ya mteja, ndipo kaka mtu akasema basi.

"Shemeji, mimi dada yangu sitaki aje kukuta kaburi. Nenda kwa Mama Shamari."

Mama Shamari alikuwa anatibu kwa Ayurveda, ile tiba ya zamani ya Bara Hindi, kwenye chumba kimoja juu ya duka la vioo. Unapanda ngazi tu, harufu ya shamari na bizari inakuja kukupokea. Ngurumo alitegemea kupewa unga fulani mchungu, aufumbie macho, yaishe. Wapi! Mama alimwambia atoe ulimi, akautazama wee, akamshika kifundo cha mkono akasikiliza mapigo, kisha akaanza maswali. Unakula saa ngapi? Cha moto au kimepoa? Umekaa au umesimama? Na nani?

"Na mke wangu."

"Vizuri. Anapika yeye?"

"Hapana mama. Yeye yuko... kwenye simu."

Mama Shamari akauachia mkono wake.

"Sikia baba. Sisi tunasema tumboni kuna moto. Mchana unawaka, usiku unafifia. Wewe mchana unaumwagia soda baridi, usiku umebaki majivu unautupia gogo zima. Utawakaje?"

Mama akamfungia bizari nyembamba, giligilani na shamari achemshe pamoja, awe anakunywa vuguvugu. Kipande cha tangawizi chenye chumvi na ndimu kabla ya kula. Chakula kikubwa mchana, cha moto, amekaa chini kama mtu mwenye kwao. Jioni kitu chepesi, mapema.

"Na ukiona damu, au unakonda ovyo, usije kwangu. Kimbia hospitali."

"Sawa mama."

"Na simu, hapana. Ukila, kula."

"Mama, hilo la simu..."

"Hilo ndilo la kwanza."

Alishuka zile ngazi miguu mizito. Soda angeacha. Tangawizi angetafuna hadi iote masikioni. Lakini amwambie Bibie nini? Kwamba tusile tena pamoja? Aliwajua wateja wake waliokuwa na wenza mbali. Hakuna aliyegombana na mtu. Walipunguza tu. Leo hiki hakipo, kesho kile, mwisho inabaki salamu ya mwaka mpya, na picha ya maua.

Basi akabuni ujanja. Mchana anampa shemeji simu, anaingia chumba cha nyuma, anakula taratibu huku anaangalia sahani. Mara ya kwanza aligundua kwamba maharage yana ladha, akashangaa kama mtoto. Wiki zikapita, tumbo likaanza kushika adabu, hadi wateja wakalalamika: "Vipi, simba kafa?" Na usiku? Usiku anaegemeza simu palepale, anakaa mbele yake na sahani tupu. Kijiko kinashuka, kinapanda, anatafuna, anameza. Hewa!

Na kutafuna hewa ni kazi, msione hivi. Taya linakimbia lenyewe. Unasahau kupuliza cha moto. Unasahau kwamba mtu mwenye tonge mdomoni hatamki maneno yake sawasawa. Ngurumo alikuwa anajifunza hayo yote kwa shida, na kwa sababu alikuwa anajifunza, usiku mmoja akamwangalia Bibie vizuri. Kijiko cha Bibie hakigongi bakuli. Shavu halijai. Taya linakimbia.

"Bibie."

"Mmh?"

"Unakula nini leo?"

"Wali."

"Na jana?"

"Wali."

"Hebu inamisha bakuli nione."

Bibie akalivuta bakuli karibu, akasema, "Anza wewe na hiyo sahani. Siku hizi unatafuna kama mbuzi."

Wakahesabu pamoja, moja, mbili, tatu, wakainamisha. Sahani nyeupe, kavu. Bakuli jeupe, kavu. Walicheka hadi Ngurumo akapiga meza na simu ikaanguka. Alipoiinua, kicheko kilikuwa kimeisha pande zote mbili.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu waliponibadilishia zamu. Chakula tunakula mapema na wenzangu, hii saa ni ya kunyoosha mgongo tu. Nikaona nikikwambia sili, utasema hakuna haja ya kupiga."

"Mimi ni tumbo. Kuna mama kanikataza kula na simu."

"Limepona?"

"Limetulia."

"Si ungesema!"

"Na wewe si ungesema!"

Alisukuma sahani pembeni. Kule bakuli nalo likaondoka. Sasa mikono haina kazi, mdomo hauna kazi. Miaka yote hiyo, wakiishiwa maneno walikuwa wanatafuna.

"Basi..." Bibie akasema polepole, macho pembeni. "Nikuache upumzike?"

Ngurumo akaishika simu kwa mikono miwili. Akisema sawa, kesho atapumzika, na keshokutwa pia.

"Usikate."

"Tufanye nini sasa?"

"Sijui. Wewe usikate tu."

Bibie akasogea karibu na simu, akamwangalia.

"Una mvi kidevuni."

"Ziko siku nyingi."

"Sijawahi kuziona."

"Bibie, nimekumisi. Nimekumisi mpaka naona aibu."

"Karibu" alikuwa amemwambia kila siku. Hili, hata mara moja. Bibie akajifuta uso kwa aproni, haraka haraka.

"Mimi wakati mwingine nawaamsha wazee wa watu kwa jina lako," akasema.

Kengele ikalia kule. Mapumziko yamekwisha. Ngurumo akajiandaa kusikia "haya, kesho," lakini badala yake simu ikayumba, skrini ikawa giza. Hakukata! Ameitia kwenye mfuko wa aproni.

Akasikia kitambaa kikisugua, funguo, magurudumu ya kitoroli. Mlango. Kisha sauti ya Bibie ikiongea na mzee fulani kwa lugha ya huko. Ngurumo hakuelewa hata neno moja, lakini sauti ile aliijua, laini, ya kumtoa mtu usingizini bila kumshtua. Akaongeza sauti hadi mwisho, akalaza kichwa mezani, sikio juu ya simu. Mtu akakohoa. Bibie akacheka kidogo. Bando likamwonya linaisha, akaliongeza chapuchapu bila hata kupumua, wasije wakamsikia, kisha akarudisha sikio, akabaki humo mfukoni, wanatembea wote chumba hadi chumba.